Kobe Mwenye Mwandiko Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu, mimi nikiwa nimeshika kalamu mkononi na jiwe likiwa limeshika jani la kabeji mdomoni.

Waliokosa sehemu zilizotangulia nitawasaidia kwa ufupi, ingawa si kawaida yangu kuwarudilia somo wasiohudhuria.

Mimi, mwalimu mstaafu, ndiye mwanzilishi na mwenyekiti wa Kamati ya Vikapu katika jengo letu la ghorofa nne. Kila Jumamosi asubuhi tunaketi langoni na kukagua manunuzi ya kila mkaazi. Haipiti ngozi ya chatu. Haipiti bangili ya pembe. Haupiti ubao wa miti iliyobaki michache msituni. Kanuni ya kwanza niliitunga mwenyewe: uliza kitu kilikuwa nini kabla hakijawa bidhaa.

Kisha nikanunua jiwe.

Jiwe sikuliuliza lolote. Nilidhani limekuwa jiwe maisha yake yote. Nililipaka maneno kwa rangi nyeupe, FUNGA MLANGO TARATIBU, nikaliweka mlangoni, na kila asubuhi nikalikuta limehama. Nilimshtaki wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye, kwamba analisogeza ili kunikera. Alikana. Nilimbana mbele ya kamati nzima hadi akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Halafu jiwe likatoa kichwa.

Siku hiyo hiyo mjukuu wangu, ambaye nimemlea tangu akiwa na miaka miwili, aliniletea fomu kutoka ofisi ya wanyamapori, anakofanya kazi kwa majaribio. Mkuu wa kaya alitakiwa athibitishe kwa maandishi kwamba hakuna mnyama wa porini anayefugwa nyumbani kwake. Bila fomu hiyo, mjukuu wangu asingeajiriwa.

Niliandika: Hakuna. Nikatia saini.

Kobe alikuwa chini ya meza, anatafuna. Wifi yangu alikuwa mlangoni, anatazama.

Sasa tuendelee.

Jumatatu nilimtia kobe kikapuni, nikamfunika kwa vitunguu, nikateremka ngazi kwa nia ya kumrudisha kwa aliyeniuzia.

"Kikapu, Mwenyekiti," alisema mlinzi wa lango.

"Ninatoka. Siingii."

"Kanuni ya tatu. Kikapu cha kila mtu, kikiingia na kikitoka. Nimeibandika ukutani juu ya birika langu."

"Leo si Jumamosi."

"Kanuni ya nne. Mlinzi anaweza kukagua siku yoyote akishuku."

"Unanishuku mimi?"

"Wewe hapana, Mwalimu. Kikapu chako ndicho kinachopumua."

Nilimweleza kwamba vitunguu vibichi huwa na hewa. Aliondoa kitunguu kimoja, akaondoa cha pili, akainama na kusoma kwa sauti: "Funga mlango taratibu."

Akageuka, akalifunga lango taratibu.

"Mimi bado sijatoka," nilimwambia.

"Samahani, Mwalimu. Nikiona mwandiko wako, mikono hutii yenyewe."

Aliyeniuzia jiwe hutandaza turubai lake kwenye kona ya soko. Wanamwita Kila Kitu, kwa sababu huuza mabomba yaliyokwishatumika, saa zisizokwenda, vioo, vitasa na chochote kisichokuwa na mwenyewe.

Nilimweka kobe katikati ya turubai.

"Umeniuzia mnyama."

Kila Kitu alimtazama kobe. Kobe alimtazama Kila Kitu.

"Mimi nilikuuzia jiwe, bibi. Umelifanya nini?"

"Sikulifanya lolote."

"Basi ni malezi."

"Mchukue. Sitaki unirudishie chochote."

"Sichukui kitu chenye maandishi. Nani atanunua jiwe linalomwamrisha?"

"Ulimtoa wapi?"

Alijikuna kidevu. Huyu ni mtu asiyezoea kuulizwa swali hilo, na kwa aibu yangu nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimechelewa wiki tano kumuuliza.

"Kuna mtu wa magunia. Huja kila Alhamisi. Anawachimbua kule vichakani wanakokata miti ya mkaa. Jua likizidi hawa hujifukia, wanalala, wanakuwa mawe kabisa. Hawana usumbufu mpaka mvua inyeshe."

"Umesema hawa."

"Nimesema nini?"

"Hawa. Ni wangapi?"

"Mwalimu, usinione mtovu wa shukrani. Wewe ndiye uliyenifungulia biashara. Kabla yako nilikuwa na moja tu, limekaa miezi miwili, watu wanaliruka. Uliponunua wewe, wakaja wenzako wa jengo zima. Wanasema, kama Mwenyekiti amelipitisha, basi ni safi. Nimekwisha uza kumi na moja. Mtu wa magunia huniuliza kila wiki: yule bibi wa mawe anataka mengine mangapi?"

Palikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Niliketi juu yake.

Hayo kumi na moja nilikuwa nayafahamu vizuri. Majirani waliniletea mlangoni, mmoja baada ya mwingine: "Mwalimu, na mimi niandikie." Niliwaandikia wote. KARIBU. FUTA MIGUU. USIKANYAGE MAUA. Nilifurahi kwamba bado kuna watu wanaothamini mwandiko mzuri. Niliyashika yote kwa mikono yangu miwili, nikayageuza, nikayapuliza vumbi, na sikuona kitu, kwa kuwa nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia herufi.

Kwa miezi minane nimewahubiria watu kwamba anayenunua ndiye anayemtuma mwindaji. Kumbe mwindaji wangu alikuwa na siku maalumu ya kufika kazini.

"Mwambie asilete tena," nilisema.

"Nimwambie nani kasema?"

"Mwambie bibi wa mawe amesema."

Niliondoka na kobe wangu kikapuni. Nyuma yangu Kila Kitu aliita: "Na maji je? Huwa wanayapenda."

Nilipofika nyumbani, mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaandika bango kwa kalamu nene.

"Bibi, kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha leo."

"Mkuu wetu anakuja hapa Ijumaa. Nilimsimulia habari za Kamati ya Vikapu, akasema hajapata kusikia jengo lenye nidhamu kama hii. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini atanikabidhi hapa hapa uani, mbele ya wote, iwe mfano."

"Hapa uani," nilisema.

"Na majirani wameahidi kutoa mawe yako yote. Tutayapanga njiani, kutoka langoni hadi kwenye meza ya mgeni. Mkuu anapenda mapambo ambayo hayakumgharimu mnyama yeyote."

Nilifungua mdomo nimwambie. Wasomaji wangu, naapa niliufungua.

Alinishika mikono yote miwili. "Bila wewe nisingejua hata kushika penseli."

Nilitazama bango lake. Kila herufi ilikuwa yangu. K yenye mguu mrefu, g yenye mkia uliojikunja mara moja tu. Nilimshika mkono juu ya meza ya jikoni, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwandiko wake ukawa hautofautiki na wangu. Nililihesabu jambo hilo kuwa mafanikio makubwa kuliko yote ya maisha yangu.

Niliufunga mdomo.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki: kuyakusanya mawe kabla ya Ijumaa. Peke yangu nisingeweza. Nilimwendea wifi yangu, aliyekuwa dirishani anashona kifungo.

"Wifi, ninahitaji msaada wako."

"Wa nini?"

"Wa kuhamisha mawe."

"Hilo nina uzoefu nalo," alisema bila kuinua macho. "Niliungama mbele ya kamati nzima."

"Wifi."

"Ninakusikiliza."

"Unajua kilichotokea. Ulikiona kichwa chake."

"Nilikiona. Nikamwona pia bibi mmoja anaandika Hakuna. Sasa nasubiri neno moja tu, nalo si refu."

Nililijua neno hilo. Nimewafundisha watoto elfu moja kulitamka. Lakini lilikwama mahali fulani kati ya kifua na koo, kama kidonge kilichomezwa bila maji.

"Nitaliingiza katika ajenda ya Jumamosi," nilisema.

"Vizuri. Na mimi nitakusaidia Jumamosi."

Jumanne hadi Alhamisi nilipita mlango kwa mlango, nikiwaambia majirani kwamba rangi ya mawe inahitaji kupakwa mara ya pili.

"Langu limekauka vizuri tu, Mwalimu," alisema fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza. "Halafu nimekwisha lipangusa kwa ajili ya mgeni."

"Hujaona chochote kisicho cha kawaida?"

"Kama nini?"

"Kama kuhama."

"Ah, kuhama linahama. Juzi nililikuta kwenye kona ya jua. Lakini hatukutaka kukusumbua."

"Na hukushangaa?"

Fundi alisogea karibu, akashusha sauti kwa huruma. "Mwalimu, jengo zima tunajua ni wifi yako. Si aliungama? Tukaona ni maradhi, tukamwacha."

Nilipita milango kumi na mmoja. Katika milango kumi na mmoja nilipewa jibu hilo hilo. Maungamo ambayo nilimlazimisha wifi yangu kuyatoa yalikuwa yamewafumba macho wakaazi wote wa jengo. Jiwe likienda dirishani, ni wifi. Jiwe likikutwa chini ya kitanda, ni wifi. Mtu mmoja aliniambia jiwe lake lilipiga chafya, na kwamba wifi yangu alikuwa na mafua wiki hiyo.

Ijumaa saa nne asubuhi mawe kumi na mawili yalikuwa yamepangwa uani, sita kulia na sita kushoto, yamepanguswa, yametulia, yamekauka. Hata langu lilikuwemo. Mjukuu wangu alilichukua mlangoni nikiwa natafuta miwani.

Juu ya mawe hayo mawingu yalikuwa yamejaa.

Mkuu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini na mkoba wa turubai. Alitembea polepole kati ya mawe, akiyasoma moja moja.

"Mwandiko mzuri sana," aliniambia. "Ni wa nani?"

"Ni wa jadi," nilijibu.

Nakiri kwamba hilo halikuwa jibu. Lakini tayari mlinzi alikuwa anamkaribisha kwenye kiti.

Mkuu alitoa hotuba fupi. Alisema ofisi yake hukamata magunia barabarani, lakini magunia hayaishi mradi yupo mtu anayesubiri upande wa pili. Alisema jengo hili limeamua kutokuwa upande wa pili. Watu walipiga makofi. Kila mpiga makofi alikuwa na kobe.

Alitoa bahasha mkobani. Mjukuu wangu alisimama, akanyoosha gauni lake.

Tone la kwanza lilianguka juu ya KARIBU.

"Tuharakishe," nilisema. "Mpe. Mpe tu, hotuba tumesikia."

"Mvua ni baraka, Mwalimu," alisema fundi cherehani.

Tone la pili. La tatu. Kisha mvua ikaanza kuteremka kwa utulivu, ile ndogo ndogo inayoloanisha bila kuwakimbiza watu.

KARIBU lilitoa kichwa, likatazama lango, likaanza kuondoka.

FUTA MIGUU lilitoa minne, yote ina tope.

Nilikuwa nimeketi karibu na langu. Nilitanua gauni langu ili kulifunika, na kwa muda nilifaulu. Kisha gauni likaanza kutembea. Niliinama kulikamata, sakafu ikateleza, nikaangukia mkono wa kulia.

Mlinzi alinifikia kabla sijajua kama nimeumia. Huyu alihudhuria mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza, na kwa miaka sita amekuwa akisubiri mtu aanguke.

"Usijitikise, Mwalimu. Ninayo rula."

"Sijavunjika."

"Hilo tutalijua baadaye."

Alinifunga rula kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, akaizungushia tai yake mara tisa. Alipomaliza, mkono wangu ulikuwa kama kasia.

Nikainua macho. Mkuu alikuwa amechuchumaa mbele ya maua ya waridi. USIKANYAGE MAUA lilikuwa linayala.

Alimgeuza kobe kidogo, akamtazama tumboni, akamrudisha chini kwa upole.

"Kobe wa aina hii waliobaki ni wachache kuliko watu wa mtaa huu," alisema. "Ni wa nani?"

Akamwendea mwingine aliyekuwa anapita, akamnyanyua.

"Hili lilikuwa limewekwa mlango gani?"

"Mimi silijui," alisema fundi cherehani.

"Limeandikwa FUNDI YUPO NDANI."

"Mafundi ni wengi, mheshimiwa. Hata hivyo mimi sina mlango. Nina pazia."

Mmoja baada ya mwingine waliwakana. Kobe nao walipita katikati yetu bila haraka, kila mmoja na tangazo lake mgongoni.

Mkuu alifungua mkoba wa turubai, akatoa jalada la mjukuu wangu. Ndani yake mlikuwa na fomu. Aliiweka juu ya meza, akamweka kobe wangu pembeni yake, akatazama huku na huku. Kisha akatoa karatasi nyingine, ripoti ambayo mjukuu wangu aliiandika ofisini wiki ile ile.

"K hii," alisema. "Na g hii. Kobe, fomu na ripoti, mkono ni mmoja." Akamgeukia mjukuu wangu. "Uliijaza fomu mwenyewe, ukatia saini ya bibi yako. Na hawa umewaandika wewe."

"Hapana, Mkuu."

"Hebu soma neno hili hapa."

Mjukuu wangu alisoma. "Hakuna."

"Na hapa mezani kuna nini?"

Mkuu aliichukua bahasha, akairudisha mkobani. Hakukasirika. Aliirudisha kama mtu anayerudisha kitabu alichokuwa amekipenda.

Nilisimama.

"Mwandiko ni wangu. Kobe huyu nilimnunua mimi, nikamwandika mimi. Hao wengine nimewaandika mimi. Fomu nimejaza mimi, na nilipokuwa naijaza nilijua."

Mjukuu wangu alinigeukia. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakuipangusa.

"Ulijua, Bibi?"

"Nilijua. Alikuwa chini ya meza."

"Nilikuuliza mara mbili. Nilikuuliza, una hakika?"

"Uliniuliza."

Hakulia. Ingekuwa nafuu kwangu kama angelia. Alinitazama kama watoto walivyokuwa wakiutazama ubao nilipokosea hesabu, mara moja katika miaka thelathini na minne, na hakuna aliyethubutu kusema.

Mkuu alitikisa kichwa. "Mwalimu, ninakuheshimu. Lakini bibi yeyote angesema hivyo. Mimi pia nilikuwa naye."

"Ninasema kweli."

"Basi niandikie hapa. Maneno matatu. Funga mlango taratibu."

Aliniwekea kalamu mezani. Niliinua mkono wa kulia. Rula ilinyooka mbele yangu kama kibao cha kuonyesha njia.

"Mfungueni," alisema Mkuu.

"Haiwezekani," alisema mlinzi. "Vidole visikunjwe kwa siku kumi. Ndivyo tulivyofundishwa, na cheti ninacho."

Nilijaribu kuikata tai kwa meno. Ilikuwa tai imara. Nilijaribu mkono wa kushoto, nikaandika kitu ambacho, nikiwa mkweli, kobe mwenyewe angekiandika vizuri zaidi.

Mkuu alikitazama, akatazama pembeni.

"Nina kobe kumi na wawili wa kuwapakia garini," alisema. "Mvua hii ikiendelea watatawanyika, kwa hiyo sitachelewa. Nikimaliza ninaondoka, na jalada hili ninaondoka nalo kama lilivyo. Kesho litakuwa kwa mwanasheria, nami sitakuwa na la kulifanya. Kama yupo yeyote aliyemwona Mwalimu akiandika, aseme sasa."

Majirani walitazama viatu vyao. Wale kumi na mmoja waliokuja kwangu na mawe kwapani, waliosimama nyuma ya bega langu wakisifu mkia wa g, kila mmoja alikuwa ameona. Na kila mmoja, akisema ameona, angekuwa amesema pia kilichokuwa kwapani.

Alibaki mtu mmoja ambaye hakuwa amenunua jiwe.

Wifi yangu alikuwa ameketi nyuma kabisa, chini ya paa la ngazi, mahali pakavu. Alikuwa anakunywa chai.

"Wifi," nilisema. "Ulikuwa mlangoni. Waambie."

Alimeza chai. Akaweka kikombe chini ya kiti. Akajipangusa midomo kwa kidole kimoja, kwanza kulia, halafu kushoto.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Wakati huo nilikuwa ninasogeza jiwe."

Majirani waliguna kwa kuelewa. Fundi cherehani alimnong'oneza jirani yake: "Si nilikwambia? Maradhi."

Wifi yangu alinyanyuka, akanitazama mara moja, kwa utaratibu, kama anayemsubiri mwanafunzi amalizie sentensi. Sikuimalizia. Macho ya watu wote yalikuwa juu yangu, na neno lilikuwa pale pale kifuani. Akageuka, akaanza kupanda ngazi.

"Mmoja," alisema Mkuu, akimweka KARIBU ndani ya kasha.

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa amewanyanyua kobe wawili, mmoja kila kwapa, anamsaidia Mkuu. Hakuambiwa. Ndiyo kazi aliyoitaka tangu utotoni, na alikuwa anaifanya vizuri, akijua ni siku yake ya mwisho kuifanya.

"Wawili. Watatu."

Nilimfuata wifi yangu. Nina miaka sabini na mmoja, na magoti yangu hayajapanda ghorofa tatu kwa mkupuo tangu nistaafu. Rula ilikuwa inagonga nguzo za ngazi kila nikigeuka.

"Wanne," nilisikia nikiwa ghorofa ya kwanza. "Watano. Huyu anang'ata."

"Wifi," niliita.

Viatu vyake viliendelea kupanda juu yangu bila kuongeza mwendo wala kupunguza.

"Saba," nikiwa ghorofa ya pili. "Wanane."

Pale penye dirisha la ngazi, kidonge kile kilichokwama siku zote kiliteremka. Sijui kilipita wapi. Nilichojua ni kwamba neno lilikuwa tayari ulimini, zima, lenye silabi zake zote, na kwamba nilikuwa nitalisema mbele ya mtu yeyote, mbele ya kamati, mbele ya kobe.

"Tisa," alisema Mkuu huko chini.

Nilifika ghorofa ya tatu nikihema. Wifi yangu alikuwa amekwisha ingia. Alikuwa amesimama ndani, ameshika kitasa, na kati yetu palikuwa na upenyo wa kiganja kimoja.

"Wifi," nilisema, "sama—"

Aliufunga mlango. Kisha nikasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili, taratibu, kama nilivyoagiza.